Kifuniko cha Tangi la Gari la Kale: Tazama Tangi Kwanza, Mdomo Baadaye

Miongoni mwa vipuri vyote vya gari la kale, sijui kingine kinachonunuliwa kwa haraka na bila maswali kama kifuniko cha tangi la mafuta. Mwenye gari huupima mdomo wa tangi kwa macho, hujaribu vifuniko viwili vitatu dukani, na kile kinachokaza vizuri ndicho anacholipia. Baadaye gari huanza ugonjwa ambao hakuna anayeuhusisha na kifuniko: linawaka vizuri asubuhi, linakwenda bila tatizo kutoka Tudor hadi Changamwe hapa Mombasa, na linapoanza kupanda kuelekea Mazeras linapoteza nguvu, linashtukashtuka, kisha linazimika kando ya barabara. Likiachwa kwa muda linawaka tena kana kwamba halikuwa na lolote. Fundi hubadilisha plagi, kisha kondensa, kisha koili, kisha pampu ya mafuta yenyewe, na kila mara mwenye gari hutoa pesa, na kila mara gari hurudi kuzimika palepale penye mlima. Nimeona magari mazuri, yaliyotunzwa na wazee kwa miaka mingi, yakiuzwa kwa hasira kwa sababu ya ugonjwa huu, na kila nikikumbuka naumia. Ndiyo maana napenda kulieleza jambo hili kwa urefu: kifuniko huchaguliwa kwa kuangalia namna tangi lenyewe linavyopata hewa, na upana wa mdomo ni swali la pili.

Petroli inapotoka tangini, nafasi iliyoachwa lazima ichukuliwe na kitu, na kitu hicho ni hewa. Mwenye duka anayeuza mafuta ya kupikia kwa kupima analijua jambo hili bila kufundishwa, kwa maana debe hulitoboa matundu mawili, moja la kumimina na jingine la kuingiza hewa. Debe la tundu moja hutoa mafuta kwa kukwamakwama na mwishowe hukataa kabisa. Tangi la gari nalo lina tundu la kutolea mafuta, ambalo ni bomba linalokwenda kwenye pampu, na lazima liwe na njia nyingine ya kuingizia hewa, iwe kwenye kifuniko au mahali pengine. Njia hiyo haihitaji kuwa kubwa. Gari linalotumia lita 8 kwa kila kilomita 100, likienda mwendo wa kilomita 80 kwa saa, linakunywa lita 6.4 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya mililita 100 kwa dakika, na hewa inayotakiwa kuingia ni kiasi hichohicho. Tundu lenye upana wa milimita moja, likiwa safi, linatosha. Kwa hiyo anayesema kwamba gari lake linahitaji tundu kubwa zaidi kwa sababu injini ni kubwa hajapiga hesabu. Tatizo karibu daima ni kwamba tundu halipo au limeziba.

Hewa isipoingia, shinikizo ndani ya tangi hushuka, na hapa kuna jambo ambalo huwapotosha watu wengi. Chukua tangi lililojazwa hadi likabaki na nafasi ya lita 5 tu za hewa juu ya mafuta. Ikitumika lita moja, hewa ile ya lita 5 inalazimika kutanda katika nafasi ya lita 6, na shinikizo lake linapungua kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Mvuke wa petroli huziba sehemu ya pengo hilo, lakini hauzibi lote. Sasa chukua tangi hilohilo likiwa limebaki na mafuta kidogo na hewa lita 35: lita moja ikitumika, tofauti ni ndogo mno, na pampu haihisi chochote kwa muda mrefu. Maana yake ni kwamba ugonjwa wa kifuniko kilichoziba hujitokeza mapema zaidi baada ya kujaza tangi, na mwenye gari, kwa kuwa ametoka kituo cha mafuta muda si mrefu, huamini kwamba ameuziwa petroli yenye maji. Huitoa yote, hulisafisha tangi, hutia mafuta kidogo ya kujaribu, gari linakwenda vizuri, naye huthibitisha moyoni kwamba alidhulumiwa. Kilichobadilika ni ukubwa wa nafasi ya hewa tu.

Safari ya kutoka Nairobi kuja Mombasa huzidisha jambo hili kwa namna ambayo wenyeji wa nchi tambarare hawana haja ya kuifikiria. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ina shinikizo la kama kilopaskali 83, ilhali huku kwetu pwani ni 101. Gari linaloteremka kutoka kule na kifuniko kisichoingiza hewa linabeba hewa nyepesi ya bara ndani ya tangi huku hewa nzito ya pwani ikilikandamiza kutoka nje, na hiyo ni juu ya upungufu unaosababishwa na mafuta yanayotumika njiani. Tofauti ya kilopaskali 10 tu juu ya ubavu wa tangi wenye urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 40 ni sawa na uzito wa kilo 200 hivi. Bati la tangi la kale, lililoliwa na kutu kwa ndani, halikutengenezwa kubeba mzigo huo; hubonyea, na pengine hupasuka kwenye mshono. Ukiona tangi ambalo pande zake zimeingia ndani pasipo alama yoyote ya kugongwa, anza kwa kukagua kifuniko. Na ukisikia mtu akisema kwamba gari lake hupanda Nairobi vizuri lakini husumbua wakati wa kurudi, msikilize kwa makini, kwa sababu wakati wa kupanda hewa ya nje hupungua uzito na kulisaidia tangi, na wakati wa kuteremka hali hugeuka.

Ili kuchagua sawasawa lazima kujua gari lilitengenezwa katika zama zipi. Kwa miaka mingi watengenezaji hawakuwa na wasiwasi wowote juu ya mvuke wa petroli kutoka nje. Kifuniko kiliwekwa tundu dogo, au tangi liliwekwa bomba jembamba la hewa lililoishia chini ya gari au juu karibu na shingo la kujazia, na basi. Mabadiliko yalianzia Marekani. Jimbo la California lilitaka magari ya mwaka 1970 yazuie mvuke wa petroli usiende hewani, na mwaka 1971 sharti hilo likaenea nchi nzima. Tangi likafungwa, mvuke ukapelekwa kwa mpira hadi kwenye kopo lenye mkaa maalumu unaounyonya na kuuhifadhi, na injini inapofanya kazi huuvuta na kuuchoma. Kifuniko cha mfumo huo hakina tundu la wazi. Kwa kawaida kina vali ya dharura tu, inayofunguka shinikizo linapopanda au kushuka kupita kiasi. Nchi nyingine zilifuata kwa nyakati zao, na hii ndiyo sababu magari mawili ya jina moja na umbo moja, moja la mwaka 1968 na jingine la 1974, yanaweza kuwa na vifuniko vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa kazi. Anayeagiza kutoka ng'ambo kwa kutazama picha peke yake anacheza bahati nasibu.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, ingia chini ya gari. Fungua buti, ondoa zulia, tazama juu ya tangi kama linafikika, na uhesabu kila kinachoingia na kutoka. Utaona shingo la kujazia, bomba la mafuta linaloelekea mbele, na kiungo cha nyaya za geji ya mafuta. Ikiwa hakuna kingine chochote, basi tangi lako halina pua nyingine isipokuwa kifuniko, na kifuniko hicho lazima kiwe na njia ya hewa, tena ile inayopitisha pande zote mbili, kuingia mafuta yanapotumika na kutoka joto linapopanda. Gari langu, Morris Minor 1000 ambalo tangi lake limo chini ya sakafu ya buti, ni la namna hii, na sitaliwekea kifuniko kisichopumua hata kikiwa kinang'aa namna gani. Ikiwa kuna bomba jembamba la ziada linaloishia hewani, lifuate hadi mwisho wake na ulipulize kwa pampu ya baiskeli, kwa maana nyigu wa huku kwetu hupenda sana kujenga kwa udongo ndani ya mabomba ya namna hiyo, na bomba lililojengewa ni sawa na bomba lisilokuwepo. Likiwa wazi, kifuniko kisicho na tundu kinafaa, na kwa kweli ndicho bora, kwa sababu kinazuia harufu na umwagikaji. Na ikiwa kuna mpira unaoelekea kwenye kopo la mkaa, usiweke kifuniko chenye tundu la wazi. Utakuwa umeufanya mfumo wote ule kuwa pambo, na gereji yako itanuka petroli usiku kucha.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyerithi pikapu ya Peugeot 404 alinijia akiwa amechoka kabisa. Aliniambia, "Ami, kifuniko ni kipya na kinakaza vizuri, na pampu nimebadilisha, lakini gari bado linakufa." Nilimwomba anionyeshe tangi badala ya kifuniko. Lilikuwa tangi la kuchomelea, kazi ya fundi wa jua kali, imara na nadhifu kwa kweli, lakini fundi alitengeneza mdomo, tundu la bomba la kutolea mafuta na mahali pa geji, akaishia hapo. Kifuniko kilikuwa kimetoka kwenye gari la kisasa kutoka Japani, na sehemu ya kupitishia hewa ilikuwa imeshikana kwa kutu. Kila kitu alichokinunua kilionekana kizima, na kila kitu kilikaza, na gari halikuwa na njia hata moja ya kuvuta hewa. Tulipolegeza kifuniko robo ya mzunguko, tangi lilivuta hewa kwa mlio mrefu, na ubavu wake ukarudi nje kwa kishindo. Nilimshauri asikimbilie kununua kifuniko kingine, bali arudi kwa fundi yule amwekee bomba la hewa juu ya tangi, lenye kipinda kinachotazama chini, kwa sharti kwamba tangi lioshwe kabisa na kujazwa maji kabla ya moto kulikaribia, kwa sababu tangi tupu la petroli lina hatari kubwa zaidi kuliko lililojaa. Alifanya hivyo, na kifuniko chake kilekile kinamfaa mpaka leo.

Tukija kwenye vifuniko vyenyewe, kile cha kale kabisa chenye tundu huwa na bati mbili. Bati la nje ndilo lenye kung'aa, na la ndani lina tundu dogo. Hewa hupita katikati ya bati hizo na kutokea pembeni. Matundu ya ndani na nje hayatazamani kwa makusudi, ili mafuta yanayorukaruka ndani ya tangi yasipate njia iliyonyooka ya kutoka. Namna ya pili ina kivali kidogo cha mpira au bati na springi laini, kinachoruhusu hewa kuingia tu. Namna ya tatu ina vali mbili, moja nyepesi ya kuingiza na nyingine nzito zaidi ya kutoa, na hiyo ndiyo ninayoipenda kwa gari linalolala nje juani, kwa sababu haipotezi mvuke ovyo na bado hailiachi tangi livimbe. Ile inayoingiza tu haitoshi kwa tangi lisilo na njia nyingine, hapa kwetu hasa, kwa kuwa joto la mchana litausukuma mvuke na mafuta kuelekea kwenye pampu, na mafuta yanaweza kuipita sindano ya kabureta, ile inayoyazuia yasizidi, na kufurika. Namna ya nne haina njia yoyote, na hiyo nimekwisha kuieleza.

Usimwamini muuzaji kwa neno lake, wala usikiamini kibandiko. Kijaribu kifuniko palepale dukani kabla ya kulipa. Chukua kipande cha mpira mwembamba safi, kishikize kwenye tundu la upande wa ndani, paka maji ya sabuni kwenye ukingo wa nje, na upulize polepole. Povu likijitokeza, njia ya kutolea iko wazi. Kisha vuta, hewa ikija bila kukulazimisha, njia ya kuingizia iko wazi pia. Kwa kifuniko kilichokwisha kutumika usifanye hivi kwa mdomo mpaka kimeoshwa na kuanikwa, maana mvuke wa petroli si kitu cha kuingiza mapafuni. Tumia pampu ndogo, au kipira cha kupulizia vumbi ambacho mafundi wa simu wanacho. Ikiwa kifuniko cha zamani kimeziba kwa uchafu tu, kiloweke kwenye mafuta ya taa usiku mmoja, kipulize, kisha ukijaribu tena. Mara nyingi kifuniko cha asili kilichosafishwa kinashinda kipya cha bei rahisi, kwa sababu bati lake ni nene na masikio yake, yaani vishikio vinavyokamata ndani ya mdomo, yalipimwa kwa ajili ya shingo lile.

Kwa mwenye gari ambaye tayari linazimika njiani, jaribio ni rahisi. Gari likianza kukosa nguvu, simama mahali salama, zima injini, hakikisha hakuna sigara wala moto karibu, na ufungue kifuniko polepole huku ukisikiliza. Shikilia kipande cha karatasi nyembamba karibu na ukingo. Karatasi ikivutwa ndani na injini ikiwaka papo hapo, umepata jibu. Karatasi ikisukumwa nje, hilo ni shinikizo la joto, na ingawa nalo linaonyesha kwamba njia ya kutolea ni finyu, silo lililokuzimia gari.

Nasisitiza mwelekeo wa hewa kwa sababu hapa Mombasa kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu sana, nao ni petroli kugeuka mvuke ndani ya bomba karibu na injini yenye moto na kuizuia pampu kuvuta. Huo hutokea zaidi gari linapotambaa kwenye msongamano, tuseme kwenye Daraja la Nyali jioni, wakati hakuna upepo wa kupoza boneti, na hupona kwa kusubiri injini ipoe. Kufungua kifuniko hakuusaidii. Ugonjwa wa kifuniko hutokea zaidi gari likiwa katika mwendo wa kudumu na kutumia mafuta kwa wingi, na hupona mara hewa inapoingia. Wote wawili huonekana kupona kwa kusubiri, kwa sababu hata kifuniko kilichoziba huvujisha hewa kidogo kidogo, na hapo ndipo mafundi wengi hupotea njia. Kwa magari yenye pampu ya umeme ya chapa ya SU, kama Morris Minor, sikio husaidia sana. Pampu hiyo hugonga tik-tik inapovuta. Ikigonga kwa haraka bila kukoma, inavuta hewa au tangi limekwisha. Ikigonga kwa uzito na kwa nafasi ndefu, inapambana na kizuizi upande wa tangi, na kifuniko ndicho kizuizi cha kwanza na cha bei ndogo zaidi kukagua.

Hewa yetu ya bahari ndiyo adui wa kudumu wa vifuniko hivi. Springi ya vali ni waya mwembamba, na chumvi huianza mapema kuliko sehemu nyingine yoyote. Gari linaloegeshwa karibu na ufuo, Nyali au Shanzu au Likoni, linahitaji kifuniko kikaguliwe mara kwa mara zaidi kuliko lile la bara, na mimi hukikagua changu kabla ya masika na baada ya masika. Mvua za Aprili na Mei zina sababu yake pia: kifuniko cha bati mbili kikiwa kimetazama juu, na gasketi yake imekauka, maji huingia tangini na kukaa chini ya petroli, kwa kuwa ni mazito zaidi, na hapo ndipo kutu ya ndani inapozaliwa. Kwa gari la namna hiyo lisilo na banda, turubai dogo juu ya sehemu ya mdomo ni ulinzi wa kweli.

Joto nalo lina hesabu yake. Petroli huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 0.1 kwa kila digrii moja ya joto. Lita 40 zilizotoka kwenye hifadhi ya chini ya ardhi, zikapata joto la ziada la digrii 15 juani, huongezeka kwa zaidi ya nusu lita. Ukilijaza tangi hadi shingoni na kuliegesha gari mahali penye jua, nusu lita hiyo itatoka kupitia tundu la kifuniko, itatiririka juu ya rangi na kuiharibu, na utakilaumu kifuniko kizuri kwa kufanya kazi yake. Acha nafasi. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa anayevuka Likoni, kwa sababu gari huteremka kuingia feri na kupanda kutoka, mafuta hukimbilia upande mmoja wa tangi, na ndani ya feri watu wanaotembea kwa miguu wamesimama karibu na magari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautawanyiki kwa haraka, bali hukaa chini miguuni mwa watu. Tangi lililojaa pomoni chini ya kifuniko chenye tundu la wazi halipaswi kuingia pale. Nusu tangi, na gasketi nzima, ndiyo adabu ya njia hiyo.

Upana wa mdomo ni rahisi kupima na watu wengi huupima sawa. Kinachosahauliwa ni kina cha masikio, yaani umbali kutoka kwenye ukingo ambapo gasketi hukalia hadi mahali ambapo masikio mawili ya kifuniko hushika kwa ndani. Kina kikizidi, kifuniko huzunguka na kuonekana kimefunga huku gasketi haigusi; kina kikipungua, gasketi hukandamizwa mpaka ikapasuka, na pengine hufunika tundu la hewa lenyewe. Pima kwa kalipa, au kwa kipande cha kadibodi kilichokatwa na kuwekwa alama, na uende nacho dukani. Gasketi ya zamani ya koki, yaani gome laini la mti, ikiisha, tafuta ya mpira unaostahimili petroli. Mpira wa tairi la baiskeli huvimba na kugeuka ulimbo. Nimeona pia watu wakitandika kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili kuzuia harufu. Nailoni hiyo hunyonywa, hubana tundu, na gari huzimika kabla ya kutoka mjini.

Kuna vifuniko vya rejeta ambavyo masikio yake hushika vizuri kwenye mdomo wa tangi fulani fulani, na vimewahi kuuzwa kwa kazi hiyo. Kifuniko cha rejeta kimetengenezwa kuzuia shinikizo kubwa, na vingi hushikilia kati ya kilopaskali 50 na 100 kabla ya kufunguka. Tangi la petroli halipaswi kamwe kufika huko. Hata kama kimekaza kwa uzuri, kirudishe.

Wako wanaouliza kama inafaa kutoboa kifuniko kisicho na tundu. Kwa dharura ya barabarani, kulegeza kifuniko na kuendesha taratibu hadi nyumbani ni bora kuliko kutoboa. Ikiwa kifuniko chenye njia ya hewa hakipatikani kabisa na tangi halina bomba, toboa bati la ndani tu, kwa keekee ya milimita moja hadi moja na nusu, kifuniko kikiwa mbali na gari na kikiwa kimekauka, kisha toboa ukingo wa chini wa bati la nje upande wa pili, ili matundu yasitazamane. Tundu moja lililonyooka kutoka nje hadi ndani hutema petroli kila kona na hunywa mvua yote ya Mei. Kwa maoni yangu, bomba la hewa juu ya tangi, kama lile la pikapu ya kijana yule, ni suluhisho la heshima zaidi kuliko kifuniko kilichotobolewa.

Unapoagiza kutoka ng'ambo, mwandikie muuzaji kabla ya kulipa na umuulize mambo haya kwa maneno ya wazi: kifuniko kinaingiza hewa tu, au kinaingiza na kutoa, au hakipitishi kabisa, kina cha masikio ni milimita ngapi, gasketi ni ya nini, na ni kwa gari la mwaka gani. Mtumie picha ya sehemu ya juu ya tangi lako pamoja na ya mdomo. Muuzaji anayejibu kwa kusema tu kwamba kinaingia kwenye modeli zote hajajibu swali la kwanza, na pesa zako ni afadhali zingoje kwa mwingine. Kifuniko kikifika, kijaribu kwa maji ya sabuni kama nilivyoeleza kabla ya kukifunga, na kile cha zamani usikitupe. Kioshe, kipake mafuta mepesi kwenye springi, na ukiweke ndani ya gari pamoja na spana.